Kuona vitu viwili viwili baada ya kuvunjika mfupa wa shavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa matabibu, wauguzi, madaktari wa meno na madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa, yaani wale wanaompokea majeruhi wa uso kabla hajafika kwa bingwa. Maswali ya 14 na 15 yanamhusu pia mgonjwa na ndugu zake. Kama mgonjwa yuko mbele yako sasa hivi na jicho limetokeza au linapoteza nuru, anza na swali la 8.

## Mambo ya msingi

1. Mfupa wa shavu unahusianaje na macho?

Mfupa huu ndio unaojenga ukuta wa nje wa tundu la jicho na sehemu ya sakafu yake. Umeshikana na mifupa mingine minne: wa paji la uso, wa taya la juu, wa ubavuni mwa kichwa, na sfenoidi iliyo ndani zaidi. Ngumi, rungu au lami inapoupiga mtu akianguka na bodaboda, mara nyingi haukatiki katikati. Unaachia kwenye maungio na kusogea mzima, na tundu la jicho linabadilika umbo pamoja nao.

Upande wa ndani wa mfupa huo, takriban sentimita 1 chini ya ungio lake na mfupa wa paji, kuna kinundu kidogo kinachoshika kano za kona ya nje ya jicho. Ndiyo maana mfupa ukishuka, kona ya jicho nayo inashuka, na wakati mwingine jicho lenyewe linafuata.

2. Kwa nini mgonjwa anaona kitu kimoja kama viwili?

Kila jicho linaendeshwa na misuli sita, na ubongo huunganisha picha mbili kuwa moja pale tu macho yanapotazama mahali pamoja. Baada ya jeraha la shavu, muungano huo unaweza kuvunjwa na uvimbe na damu iliyovilia nyuma ya jicho. Na msuli au mafuta ya tundu la jicho yaliyonaswa kwenye ufa wa sakafu. Na msuli uliopondeka. Na mshipa wa fahamu ulioumia. Au na jicho kuhama mahali pake.

Uvimbe huisha wenyewe. Msuli ulionaswa unahitaji upasuaji, na pengine leo hii. Mshipa wa fahamu husubiriwa kwa miezi. Kwa hiyo maneno "anaona viwili" yakiandikwa peke yake kwenye faili hayamsaidii mtu yeyote. Yanayosaidia ni upande gani anaona viwili, tangu lini, na kama hali leo ni nafuu kuliko jana.

3. Asiyeona viwili yuko salama?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopitwa. Mgonjwa ambaye kope imevimba ikafunga jicho hawezi kuona viwili, kwa sababu anatumia jicho moja tu. Aliyepoteza nuru ya jicho kwa jeraha hilohilo naye haoni viwili. Vilevile yule aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, ambaye ubongo wake ulishazoea kuipuuza picha ya jicho moja.

Tena kuna wale ambao sakafu imebomoka kwa eneo kubwa, lakini siku za kwanza uvimbe unalishikilia jicho mahali pake. Uvimbe ukiondoka, jicho linazama. Mgonjwa aliyepimwa siku ya kwanza na kukutwa hana shida arudi apimwe tena ndani ya wiki moja hadi mbili.

## Kumpima mgonjwa

4. Nianze na nini?

Uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake, kabla hujagusa suala la kuona viwili. Tumia chati ya Snellen kwa mita 6, au chati ya herufi E kwa asiyesoma. Kama hakuna chati, mwambie ahesabu vidole. Akishindwa, aone mkono unaopungwa. Akishindwa, mwanga wa tochi. Andika matokeo na saa.

Kope zikiwa zimevimba, zifungue taratibu kwa kuegemeza kidole kwenye mfupa wa ukingo wa tundu, kamwe si juu ya jicho. Kisha hamisha tochi kutoka jicho moja hadi jingine na kurudi. Mboni zote mbili zinapaswa kubaki zimesinyaa. Mboni inayopanuka mwanga unapoifikia inakuambia kwamba mshipa wa kuonea wa upande huo una shida, hata kama mgonjwa anasema anaona.

Ukikuta mboni imevutika mithili ya tone, jicho limelegea, au kuna kidonda kwenye jicho lenyewe, simama hapo. Jicho huenda limepasuka. Lifunike kwa kikinga kigumu kisicholigusa, usitie shinikizo lolote, na mpe rufaa ya haraka kwa daktari wa macho. Mfupa wa shavu unaweza kusubiri.

5. Nimuulize vipi?

"Unaona vizuri?" ni swali baya, maana karibu kila mtu atajibu "naona". Muulize: "Kuna wakati kitu kimoja kinakuwa viwili?" Akikubali, endelea. Vinakaa sambamba, kimoja juu ya kingine, au kimoja kimepinda? Ni akitazama mbali au karibu? Akishuka ngazi? Akimimina chai? Akisoma ujumbe wa simu? Ilikuwepo kabla ya ajali?

Wapo wanaosema wanaona maruweruwe huku wakimaanisha ukungu. Ukungu si kuona viwili, na unakurudisha swali la 4.

6. Kufunika jicho moja kunanifundisha nini?

Mwambie atazame kitu kimoja, kisha ufunike jicho moja baada ya jingine. Kama picha ya pili inapotea jicho lolote likifunikwa, macho hayalingani. Tatizo liko kwenye misuli, mishipa ya fahamu au umbo la tundu, na majibu yanayofuata yanamhusu.

Kama bado anaona viwili kwa jicho moja huku jingine limefunikwa, tatizo liko ndani ya jicho hilo: konea iliyokwaruzika, lenzi iliyohama, mtoto wa jicho, au jambo la retina. Huyo ni wa daktari wa macho, na kunyanyua mfupa wa shavu hakutamponya. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kukiruka kunaweza kumpeleka mgonjwa kwenye operesheni isiyo yake.

7. Nipimeje mwendo wa macho?

Kaeni mkitazamana, macho yenu yakiwa usawa mmoja. Mwambie: "Kaka, kichwa kitulie, fuata kalamu kwa macho tu. Ikigeuka mbili, niambie hapohapo." Wagonjwa wengi huzungusha shingo bila kujua, hivyo msaidizi ashike kidevu. Shika tochi ndogo au kalamu kama nusu mita kutoka usoni, kisha ipeleke katika pande tisa: katikati, kulia, kushoto, juu, chini, na pembe nne. Nenda polepole. Kalamu ukiishika wima, picha zilizopandana juu na chini zinaweza kumezana zikaonekana moja, kwa hiyo ukipima juu na chini ilaze.

Katika kila upande angalia mambo matatu: je, anaona viwili, je, macho yote mawili yamefika mwisho wa safari yao, je, anapata maumivu. Ukisikia "sasa mbili", uliza picha zimeachana kwa mkao gani, kisha uendelee mbele kidogo uone kama pengo linaongezeka. Pengo hupanuka kuelekea upande ambao jicho lenye shida linashindwa kwenda.

Ili kujua jicho lipi lina kosa, mwache katika upande ambao picha zimeachana zaidi, kisha funika jicho moja. Picha iliyo mbali zaidi kuelekea upande huo ni ya jicho lililobaki nyuma. Ukifunika jicho la kushoto na picha ya pembeni kabisa ikapotea, jicho la kushoto ndilo linaloshindwa kwenda.

Matokeo yaandike kwa mchoro. Chora mraba wenye vyumba tisa, kila chumba ni upande mmoja, na weka alama palipo na picha mbili. Andika tarehe na saa. Rudia kwa mchoro mpya kila siku akiwa wodini, kisha kila anaporudi kliniki. Mwenye michoro mitatu ya siku tofauti ana habari kuliko mwenye ukurasa mzima wa maelezo. Wenye vifaa hutumia chati ya Hess, iliyobuniwa na Walter Rudolf Hess wa Uswisi mwaka 1908, ambaye alianza kazi kama daktari wa macho kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1949 kwa utafiti wa ubongo. Chati hiyo hupima kwa nyuzi na kuonyesha mabadiliko madogo, lakini wodi isiyo nayo haina sababu ya kukosa mchoro wa vyumba tisa.

Picha mbili katikati na chini ndizo zinazomtesa mtu zaidi, kwa kuwa huko ndiko tunakotazama tukisoma, tukila na tukitembea. Zinazotokea juu kabisa tu, mtu mzima anaweza kuishi nazo, isipokuwa fundi wa dari au dereva wa kreni. Kwa hiyo muulize kazi yake.

## Dharura

8. Dalili gani haziwezi kusubiri asubuhi?

Jicho linalotokeza, gumu ukiligusa juu ya kope, lenye maumivu makali, nuru inayopungua na mboni isiyoitika mwanga: hiyo ni damu inayojaa nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa kuonea. Inaweza kutokea saa chache baada ya jeraha au baada ya operesheni. Shinikizo lipunguzwe mara moja kwa kukata kona ya nje ya kope pamoja na kano yake ya chini, kwa ganzi ya sindano, hapohapo kitandani. Usimpeleke kwanza kwenye CT scan. Muda unaozungumzwa kabla nuru haijapotea kabisa ni kati ya dakika 90 na saa 2, na kwa wilaya nyingi safari ya rufaa peke yake inazidi hapo. Kwa maoni yangu kila chumba cha dharura kinachopokea ajali za barabarani kiwe na angalau mtu mmoja anayejua kufanya hivyo.

Dharura ya pili: jicho limeangukia nje na chini, kope imelala, mboni imepanuka, na fahamu zinapungua. Usihangaike na shavu. Hilo ni tatizo la ubongo mpaka ithibitike vinginevyo.

9. Mtoto haonyeshi uvimbe, jicho ni jeupe, lakini anatapika na hataki kutazama juu. Ni nini?

Mifupa ya mtoto hupinda kabla ya kuvunjika. Sakafu ya tundu inaweza kufunguka, ikanasa msuli, kisha ikafunga tena. Nje huoni kitu: hakuna weusi wala damu. Mtoto anatapika, anakuwa mnyonge, mapigo ya moyo yanashuka, anaweza hata kuzimia akijaribu kutazama juu, kwa sababu msuli uliovutwa huchochea mwitikio unaopunguza kasi ya moyo. Wengi wa watoto hawa hulazwa kama wameumia kichwa na kuwekwa chini ya uangalizi tu.

Msuli ulionaswa unakosa damu. Ukiachwa, unageuka kovu, na picha mbili zinabaki kuwa za maisha. Afanyiwe upasuaji mapema, ndani ya saa 24 hadi 48. Mtoto yeyote aliyepigwa usoni na anatapika, mwambie afuate tochi juu na chini kabla hujaandika "jeraha la kichwa".

Mdogo asiyeweza kujieleza, mtazame: anafumba jicho moja? Anainua kidevu? Nuru ya tochi inaangukia sehemu ileile kwenye macho yote mawili?

## Kutofautisha chanzo

10. Nitajuaje kama ni uvimbe, msuli ulionaswa au mshipa wa fahamu?

Uvimbe huzuia mwendo kidogo kidogo kila upande, na michoro yako itaonyesha nafuu siku baada ya siku. Msuli ulionaswa sakafuni hulizuia jicho ghafla likipanda, mara nyingi kwa maumivu, na wakati mwingine likishuka pia. Ukikuta na ganzi ya shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na fizi za upande huo, ujue ufa umepita kwenye njia ya mshipa unaopita sakafuni. Ganzi hiyo peke yake haithibitishi kunasa.

Mshipa wa fahamu wa sita ukiumia, jicho haliendi nje, picha zinakaa sambamba na huachana zaidi akitazama mbali. Wa nne huleta picha zilizopandana na kupinda, mbaya zaidi akishuka ngazi, na mgonjwa huinamisha kichwa kuelekea bega la upande mwingine. Wa tatu ukiumia, dalili zake ni zile za dharura ya pili kwenye swali la 8.

11. Kipimo cha kuvuta jicho kwa kibanio hufanywaje, na na nani?

Jicho likishindwa kupanda, swali ni kama msuli hauna nguvu au umeshikwa. Baada ya matone ya ganzi, daktari aliyefundishwa hushika utando mweupe karibu na mahali msuli wa chini unapojishikiza, kisha hulizungusha jicho taratibu. Likipanda kwa urahisi, halijanaswa. Likikwama, limeshikwa. Uvimbe mkubwa nao unaweza kukwamisha kidogo, hivyo linganisha na jicho zima. Kwa aliyepoteza fahamu, hiki na CT ndivyo vinavyokupa jibu, maana hana wa kukueleza. Usikifanye kama unashuku jicho limepasuka.

12. Eksirei inatosha?

Inatosha kukuonyesha kwamba mfupa wa shavu umehama, na pengine kivuli kama tone kinachoning'inia kutoka dari ya uwazi wa taya la juu. Haitoshi kuamua kuhusu msuli. Omba CT yenye vipande vya milimita 1 au chini, ikionyeshwa kwa mkato wa mbele na wa ubavu, na itazamwe kwa mwonekano wa mifupa na wa nyama. Ripoti ikisema "hakuna kunasa" na mtoto wako hapandishi jicho, amini jicho. Kwa watoto ufa unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana.

13. Naweza kupima jicho lililozama kwa kifaa cha Hertel?

Tahadhari. Kifaa hicho huegemea ukingo wa nje wa tundu la jicho, ambao ndio huo mfupa uliohama. Mfupa ukirudi nyuma, kifaa kinarudi nao, na jicho lililozama litasomeka kana kwamba liko sawa. Kifaa cha Naugle, kinachoegemea ukingo wa juu na wa chini, kina nafuu ingawa ukingo wa chini nao unaweza kuwa umevunjika. Simama nyuma ya mgonjwa aliyeinua uso, utazame kutoka juu au kutoka chini, na upime kwenye CT. Tofauti ya milimita 2 huanza kuonekana na watu.

## Matibabu na nyumbani

14. Upasuaji ufanywe lini, na utaondoa picha mbili?

Ukiacha dharura za maswali ya 8 na 9, mtu mzima kwa kawaida husubiri uvimbe upungue, kisha hufanyiwa ndani ya wiki 2. Baada ya wiki 3 au 4 mfupa huanza kushika vibaya na kazi inakuwa ngumu. Kama picha mbili zinapungua kwenye michoro na mfupa haujahama, huenda operesheni haihitajiki.

Upasuaji hurudisha mifupa mahali pake na kuachilia kilichonaswa. Haufufui mshipa wa fahamu wala msuli uliopondeka. Mgonjwa aambiwe hayo kabla hajatia sahihi. Wengine huamka wakiona viwili zaidi kwa sababu ya uvimbe mpya, na hali hiyo hupungua kwa wiki kadhaa. Lakini jicho lililokuwa linapanda kabla na sasa halipandi kabisa lichunguzwe upya bila kungoja, kwani nyama inaweza kubanwa na bamba lililowekwa. Hapo mchoro wa kabla ya operesheni ndio shahidi. Picha mbili zikidumu, daktari wa macho ana lenzi za prizimu, na upasuaji wa misuli ya jicho kama miezi 6 baadaye, vipimo vikishatulia.

15. Nikiwa nyumbani nifanye nini, nisifanye nini?

Usipenge kamasi kwa wiki 2 hadi 3. Hewa ya puani inaweza kupenya kwenye ufa na kujaa nyuma ya jicho. Chafya ikija, iachie mdomo wazi. Usiendeshe gari, pikipiki wala baiskeli wakati unaona viwili. Kufunika jicho moja kunatuliza kichefuchefu na kukusaidia kusoma, ila kunakupunguzia uwezo wa kupima umbali, kwa hiyo shika ukuta kwenye ngazi. Mtoto mdogo asifunikwe jicho kwa siku nyingi bila idhini ya daktari wa macho. Maumivu yakizidi au nuru ikipungua, rudi hospitali usiku huohuo.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mgonjwa amelewa, au yuko kwenye dawa za degedege.

Pombe peke yake huleta picha mbili. Pima nuru na mboni sasa hivi, kisha rudia mwendo wa macho akishalevuka. Fenitoini na kabamazepini, ambazo hupewa baadhi ya walioumia kichwa, nazo huleta picha mbili na macho ya kuchezacheza dozi ikizidi. Pitia chati ya dawa kabla ya kulaumu mfupa.

17. CT inaonyesha upinde wa shavu tu umevunjika, lakini anaona viwili.

Upinde ule hauko ndani ya tundu la jicho. Ukivunjika peke yake humfanya ashindwe kufungua kinywa, haumpi picha mbili. Tafuta sababu nyingine: rudi swali la 6, kisha la 10.

18. Tusubiri PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, kabla ya kupima?

Hapana. Mtibu kwanza. Ila kumbuka kwamba kesi nyingi za ngumi na ajali hufika mahakamani, na mchoro wenye tarehe una uzito kuliko sentensi moja iliyoandikwa miezi mitatu baadaye.

19. Amekuja baada ya miezi mingi, shavu limebonyea na jicho limezama.

Pima yote kama mgeni, pamoja na nuru ya kila jicho. Mfupa ulioshika vibaya hukatwa upya na kurudishwa, na sakafu hujengwa, lakini hiyo ni kazi ya hospitali yenye bingwa wa taya na uso pamoja na daktari wa macho, na mpango uandaliwe kwa CT. Muulize pia kama picha mbili zinamsumbua kweli. Wapo waliokwisha kuzoea, na kulirudisha jicho juu ghafla kunaweza kuwaletea picha mbili ambazo hawakuwa nazo. Mgonjwa wa namna hiyo apewe muda wa kufikiri, arudi na ndugu yake, aamue akijua kwamba jambo hilo linaweza kumpata.